Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Ardhi na Makaazi Zanzibar: Ramani Ziwekwe Watu Walipo

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, na ninakuandikia kuhusu namna habari za mipango ya mji zinavyowapita wale ambao nyumba zao zimo ndani ya ramani hizo.

Jambo hili halikuanza zama zako. Mwaka 1923 Lanchester, mpangaji miji wa Kiingereza, aliuchorea mji wetu mpango. 1958 ukaja wa Kendall, naye Mwingereza, 1968 wa Wajerumani Mashariki, na 1982 wa Wachina. Wakaazi wa Ng'ambo hawakuwa watu wasio na rai, kwani mwaka 1928 walishagoma kulipa kodi ya viwanja.

Majumba ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa Ng'ambo baada ya mapinduzi, yaliwapa watu maji na umeme, na hilo silidharau. Lakini nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Barazani wanaume walipata kujua nani anauza na wapi panapimwa; uani wanawake walipeana habari hizo hizo, aghlabu mapema kuliko sisi, ingawa hatupendi kulikiri. Ghorofani baraza na ua havimo, na mzee aliyeshindwa na ngazi hungojea aletewe habari.

Kwa kuwa ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu mapinduzi ya 1964, na mwananchi ana haki ya kuitumia tu, anayejua mapema kuwa matumizi ya kiwanja yatabadilika ndiye mwenye nguvu. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, huteuliwa, hachaguliwi. Aliye karibu naye hujua kabla ya jirani yake. Ramani ikibaki ofisini kwa Kiingereza cha wataalamu, huifaidi mwenye wakili. Na kikao kikiitwa barazani baada ya Isha, wanawake hawamo, kisha huandikwa kwamba mtaa mzima umeridhia.

Ninaomba basi kila ramani inayogusa makaazi ya watu itolewe kwa Kiswahili, ibandikwe penye kahawa na misikitini, na pia skuli, kwenye madrasa na kliniki za watoto. Wanawake waitiwe kikao chao mchana. Na kumbukumbu za vikao zionyeshe nani aliulizwa na alijibu nini, kabla ya kiwanja chochote kupimwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Ng'ambo, Unguja