Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, assalam aleikum, na wenzetu wengine, habari za jioni.

Katiba yetu inataka taarifa hii isomwe kabla ya chakula. Walioitunga bila shaka waliwajua wanachama wao. Hesabu namwachia mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba wanaolipa ada ni wale wale, na wadaiwa nao ni wale wale.

Kwa kila msanifu majengo nchini Kenya, mwaka ulianza hasa tarehe 1 Machi, siku Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilipoanza kutumika. Zile za zamani zilikuwa za 1968. Wengi wetu tulizaliwa tukazikuta. Ramadhani nayo iliingia siku hizo hizo, kwa hiyo vikao vya kuzisoma tulivifanya baada ya tarawehe, kwa kahawa chungu na haluwa. Tulikwenda kifungu kwa kifungu. Kuna waliosinzia, siwataji, lakini waliokesha wamekuwa wakipigiwa simu na wenzao mwaka mzima.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi zaidi ya kanuni.

Tumebisha milango mingi mwaka huu tukidai kwamba mtu asiyesajiliwa asikubaliwe kuwasilisha ramani. Sheria iko upande wetu: Sura ya 525 ya Sheria za Kenya haimruhusu mtu kujiita msanifu majengo ikiwa jina lake halimo katika daftari la bodi ya usajili. Tulijiandaa vizuri, tukavaa tai. Katika kikao kimojawapo, afisa aliyetupokea alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati, akatoa bunda la ramani, akaliweka mezani. “Hizi zote zina muhuri,” akasema. “Na mihuri ni yenu.” Ya juu kabisa ilikuwa na ngazi inayopanda ikaishia ukutani. Tuliaga mapema.

Wenzangu, tunawaita wale vijana wa ramani za bei ya chee matapeli, lakini tapeli hana muhuri. Anaununua kwetu. Anakuja na bahasha jioni, anaondoka na sahihi ya mtu ambaye hajakiona kiwanja. Halafu sisi hao hao tunalalamika kwamba wateja hawataki kulipa ada zilizomo katika jedwali la sheria. Watalipaje, na muhuri unauzwa rejareja?

Sisemi haya kama mtu aliyekaa juu ya mnazi akiwatazama walio chini. Miaka ya mwanzo ya ofisi yangu, kodi ikiwa imenibana, niliwahi kupiga muhuri ramani ya mtu mwingine. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili. Sikwenda kuangalia msingi, sikuuliza saruji ilichanganywa vipi. Nyumba ile ingali imesimama, namshukuru Mungu, lakini kila nikipita mtaa ule huvuka nikatembea upande wa pili wa barabara. Lile jengo la Huruma, Nairobi, lilipoanguka usiku mwezi wa Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, siku ya pili nilikwenda kuitazama nyumba ile, kuta zote nne. Mwenye nyumba alinikaribisha chai. Sikuweza kuinywa.

Ndiyo maana kamati imeleta pendekezo jioni hii: mwanachama atakayepiga muhuri kazi ambayo hakuichora wala kuisimamia, jina lake litolewe chamani na lipelekwe kwa bodi. Najua litawagusa marafiki. Naomba tulijadili bila kutafutana uchawi.

Upande wa Mji wa Kale wa Mombasa nina furaha kidogo. Eneo hili linalindwa kisheria tangu 1990, lakini tangazo la serikali halizuii unyevu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea. Ukiuvika plasta ya saruji, unyevu na chumvi yake hufungwa ndani, na baada ya masika mawili matatu plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Mwenye nyumba akiona hivyo husema nyumba imeoza, anaibomoa, anapandisha fleti. Nyumba haikuoza, ilizibwa pumzi. Na mara nyingi aliyemshauri atie saruji ni mmoja wetu.

Kwa hiyo tulimwomba fundi mmoja mzee wa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, atufundishe chokaa. Walikuja wanachama wengi kuliko waliohudhuria mkutano mkuu uliopita, na sikuelewa kama nifurahi au nikasirike. Alitazama mchanganyiko wetu wa kwanza akasema, “Wanangu, huu uji wa mgonjwa.” Akatuonyesha jinsi chokaa inavyolowekwa na kuachwa ilale kabla ya kuguswa, na jinsi boriti za mikoko, ambazo hazizidi sana mita 3, ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya babu zetu: virefu, vyembamba, vyenye kivuli. Hakuna aliyekuwa na kompyuta. Mafunzo yataendelea mwaka ujao akijaaliwa afya, na safari hii fundi atalipwa kama mtaalamu, si kwa soda na ahsante.

Vijana wanaofanya mafunzo kazini bado hawalipwi katika ofisi kadhaa zetu. Kijana anatoka Mtwapa kila alfajiri, anachora mpaka saa mbili usiku, na nauli anaomba kwa mamake. Nimezungumza na wenye ofisi hizo faragha. Mwakani sitazungumza faragha.

Methali ya ufa na ukuta sikuitaja, mtanisamehe. Kila mgeni rasmi anatuletea ile ile.

Pendekezo la muhuri liko ukurasa wa mwisho wa karatasi mlizopewa mlangoni. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, na wangu utakuwa wa kwanza. Biriani iko tayari, naisikia harufu yake kama nyinyi, lakini mlango wa chumba cha chakula utafunguliwa kura zikishahesabiwa.