Maji ya kisima yanatoboa mabomba ya magari yetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye Noah na Hiace za zamani, hasa walioko pwani. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa kwa matumizi ya Japani, kwenye baridi, ndiyo maana yana hita ya nyuma. Maji ya moto ya injini hufika huko kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya bodi. Hapa Kigamboni hita hiyo haiwashwi, na mabomba yake hayakumbukwi mpaka yatoboke.

Bomba likipasuka, maji yanaishia barabarani. Dereva anautazama mshale wa joto, anauona umetulia, anaendelea na safari. Kumbe kihisi kisipoguswa na maji hakisomi joto la kweli. Gari likija kuletwa kwangu, hedi (sehemu ya juu ya injini) imepinda na gasketi inayoiziba imeungua, na mwenye gari anatafutiwa injini nyingine kwa sababu ya kitobo kidogo.

Kwa nje, mchanga na tope hujificha kwenye klempu zinazoshika bomba, na hapo ndipo ninapokuta matobo mengi. Klempu zifunguliwe, bomba lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe praima ya zinki kisha rangi. Likiwa limeshalika, libadilishwe. Kulipaka rangi ni kujidanganya.

Kinachoniuma zaidi ni kutu ya ndani. Rejeta ikipungua, utingo anatumwa akachote maji kisimani. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huvunja utando unaolinda chuma na alumini. Wengi wanaamini kulanti, ile dawa ya rangi inayowekwa kwenye maji ya rejeta, ni ya kuzuia barafu tu, haituhusu. Si kweli. Humo ndimo zilimo dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo huchoka hata kama maji hayajapungua. Kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Maji yakishakuwa ya kahawia, umechelewa tayari. Kulanti ya kuchanganya iwekwe nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi (tafadhali ulizeni dukani kabla ya kulipa). Tena mkague kifuniko cha rejeta: kisipobana, injini ikipoa hewa huingia ndani, na kutu inapata nguvu.

Kwa wauza vipuri nina ombi. Madumu mengi ya kulanti yana maelezo ya kigeni, mteja hajui kama anunuayo ni ya kuchanganya au imeshachanganywa. Anachagua kwa rangi, na rangi haimwambii kitu. Bandikeni karatasi ya Kiswahili yenye maelezo mawili: kiasi cha maji, na muda wa kubadilisha. Ongezeni kwamba ni sumu yenye ladha tamu, isiachwe watoto wanapofika.

Fundi makenika,
Kigamboni, Dar es Salaam