Mpeni Tadese haki yake, mimi nilikuweko pale golfu

Mhariri, naomba kijinafasi gazetini nitoe dukuduku langu.

Juzi usiku tuko barazani kwa muuza kahawa, stori zikaingia za mbio, kijana mmoja ambaye sidhani hata ana miaka ishirini akasema ati zile mbio za nyika za dunia zilizoletwa Mombasa, Bekele yule bingwa wa Ethiopia alipigwa na Mkenya. Mwenzake akamkata, wapi, hakupigwa na mtu yule, alipigwa na joto. Wakabishana hapo mpaka kahawa ikapoa vikombeni, mwanzo mi nikanyamaza manake najijua nikiingia siachi, lakini wapi, nikashindwa. Wote wawili wamekosea, aliyempiga ni Tadese wa Eritrea, na mimi nilikuweko pale. Jumamosi, tarehe 24 Machi 2007, kiwanja cha golfu kule Mama Ngina, nimembeba mwanangu mabegani na kamera ya filimu shingoni, jua linatuchoma sote.

Nilivuka na feri kutoka Likoni mapema kwa vile niliogopa msongamano, na msongamano nikaukuta vilevile. Watu walitoka kila pembe, wa bara walikuja na mabasi usiku kucha, sisi wa hapa tukaenda kama tunaenda kutembea idi, wamama na watoto, mihogo ya kukaanga na achari, madafu yameisha hata mbio hazijaanza. Na mwezi wa tatu mwaujua wenyewe, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, upepo hakuna, bahari iko pale pale unaiona na meli zinapita kuingia Kilindini lakini hata kijibaridi hakifiki. Ukisimama tu unarowa. Sasa huyo anayekimbia kilomita 12 juu ya nyasi yeye je?

Vijana ndio walioanza. Kwa wasichana akashinda Linet Masai, kwa wavulana kijana mmoja mrefu mwembamba kama mlingoti, Asbel Kiprop, wakati huo hakuna aliyemjua upande wetu, mzee mmoja jirani yangu akasema huyu akipulizwa na upepo ataanguka baharini. Huyo Kiprop baadaye akapata dhahabu ya Olimpiki ya Beijing kwa mita 1500, na yaliyomfuata baadaye mnayajua, hayo si ya leo. Masai naye 2009 akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Berlin. Yani tuliwaona wangali wabichi kabisa na hatukujua tunaona nini, wengine walikuwa foleni ya soda.

Mbio za kina mama ndizo zilizotuvuruga vichwa. Aliyeshinda ni Lornah Kiplagat, na alimwacha Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, Dibaba mwenyewe! Sasa tushangilie ama tusishangilie? Lornah ni mzaliwa wa kwetu, jina la kwetu, lakini jezi ya Uholanzi. Mama mmoja akapiga kigelegele, mumewe akamwambia wewe unampigia Mzungu, yule mama akamjibu Mzungu gani anaitwa Kiplagat. Tukacheka, tukapiga makofi sote.

Halafu ndio zikaja za wanaume na hapa ndipo penye maneno yangu.

Kwanza muelewe hasira tuliyokuwa nayo. Kenenisa Bekele alikuwa amechukua taji hilo la mbio ndefu miaka mitano mfululizo, toka 2002 mpaka 2006. John Ngugi wetu alikuwa nayo matano, Paul Tergat matano, na Tergat la mwisho alilipata 1999, tangu hapo mpaka siku ile hakuna Mkenya mwanamume aliyelionja. Kwa hivyo Bekele akishinda pale anakuwa na sita na anawapita Ngugi na Tergat, tena nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Hatukwenda kuona mbio bana, tulikwenda kumuona Bekele akishindwa. Ndio ukweli wenyewe.

Na akashindwa. Raundi za mwanzo alikuwa mbele na wenzake kama kawaida yake, ile mikono hata haionekani kama inafanya kazi, mi nikasema basi, tumekwisha. Wakazidi kupungua mpaka akabaki na mtu mmoja tu mgongoni na si wetu. Raundi ya mwisho nikaona kelele zinakuja kama wimbi kutoka upande ule mwingine, watu wanaruka, nikadhani Mosop wetu amempita, kumbe Bekele amesimama. Amesimama! Ametoka kabisa njiani, bingwa wa miaka mitano, na sisi tukashangilia kama tumefunga bao. Mimi pia, sitajitoa. Nikamwinua mwanangu juu, nikapiga picha, nikapiga tena, nikapiga tena, watu wakipita mbele yangu mi napiga tu.

Wakati nafanya hivyo Zersenay Tadese wa Eritrea alikuwa anamaliza kazi. Dakika 35 na sekunde 50, Moses Mosop akaja wa pili sekunde 23 nyuma yake, Bernard Kipyego wa tatu. Kenya tukachukua dhahabu ya timu, lakini mshindi ni Tadese na alimpita Bekele miguuni kabla Bekele hajatoka, hakuokota taji chini. Jamaa mmoja nyuma yangu akauliza nani huyo, akajibiwa Mhabeshi, akauliza si ndio ametoka Mhabeshi, akaambiwa huyu mwingine. Mwisho wa habari. Hatukujua hata nchi yake.

Sasa huyo aliyesema joto namuuliza, Tadese alikimbia na feni? Jua ni lile lile, nyasi ni zile zile, na Asmara kwao ni mlimani kwenye baridi wala si pwani. Wala hakuwa mtu wa kubahatisha. Athens 2004 alipata shaba ya mita 10,000, medali ya kwanza ya Eritrea ya Olimpiki. 2005 kule Ufaransa alikuwa wa pili nyuma ya huyo huyo Bekele kwenye mbio hizi hizi. Na 2010 akaweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni pale Lisbon, 58:23, ikakaa miaka. Mtu kama huyo anakuja kushinda kwetu sisi tunasema joto limeshinda, si haki.

Simdharau Bekele wala sisemi joto halikumuumiza, wengi walianguka siku ile wakabebwa. Mwaka uliofuata akaenda Edinburgh akalichukua hilo la sita lake, ndio hivyo. Lakini mwaka 2017 mbio hizo zilipokwenda Kampala nilikuwa nikitazama kwenye tivii, Joshua Cheptegei yuko mbele peke yake kwao, Waganda wamepagawa, mara miguu ikamkataa raundi ya mwisho akapitwa na kila mtu mpaka akamaliza wa 30. Nyumbani kwangu vijana wakapiga kelele za furaha kwa sababu Kamworor wetu amepita. Mi nikajikuta siwezi kushangilia, nikatoka nje, mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia joto.

Nilipokwenda kusafisha ile filimu ya 2007 nikapata picha 36. Bekele na migongo ya watu nimempiga mara tisa nzima. Lornah mbili, moja imeungua. Za mwanangu na dafu nyingi tu. Ya Tadese hakuna hata moja, filimu ilikuwa imekwisha.

Kwa hivyo Mhariri, kama wewe au msomaji yeyote mna picha ya Tadese akimaliza pale golfu itoeni gazetini, hata iwe ndogo. Nataka kuipeleka barazani kwa yule kijana.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa