Sie wa Malindi wenye bunduki za zamani tufunguliwe njia halali ya kupata magazini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme jambo ambalo watu wa mjini huenda hawalijui, lakini sie wenye mashamba huku ndani, Kakuyuni, Langobaya mpaka Marafa, latusumbua miaka sasa. Kuna watu huku walioachiwa na baba zao bunduki ndogo za .22, zile za risasi nyembamba, leseni wanazo, ada wanalipa, hata mwishoni mwa 2018 serikali iliposema wenye silaha wote wakaguliwe upya walitoa makaratasi yao wakakaguliwa kama watu wengine. Taabu ni kwamba bunduki haina magazini, yaani kile kikasha cha kuwekea risasi, au inayo lakini imeshakufa, na hakuna wa kukwambia utapata wapi nyingine bila kuvunja sheria.

Najua swali litakalokuja, bunduki ya nini na kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977? Ni kweli, na mnyama wa porini ana wenyewe, mimi simgusi. Lakini mahindi yakianza kubeba nyani wanakuja kundi zima, na nyani dume hamuogopi mwanamke wala mtoto, anakaa pale pale anakutazama huku anavunja muhindi, mtu akipiga moja tu kwenye mchanga ule mlio unatosha wote wanarudi msituni. Mvuno wa mwaka mzima unaokoka kwa mlio mmoja.

Sasa hii magazini ukiitazama ni kitu kidogo kabisa, kikasha cha bati, ndani kuna springi na kibao cha kusukuma risasi juu, na pale juu kuna midomo miwili ya bati inayoishika risasi isiruke. Kazi yote iko kwenye ile midomo. Ikipanuka kidogo tu hata jicho lisione risasi inainuka vibaya, pua yake ni ya madini laini kwa hivyo inagonga ukingo wa chemba, lile tundu la mtutu inapokaa risasi, inajikwaruza, na bolti, kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kufunga, inakwama nusu njia. Na huku pwani kuna chumvi, kaskazi ivume au kusi hewa ni ile ile, springi inakula kutu ndani kwa ndani, nje kikasha chang'aa kama kipya.

Hapa ndipo roho yangu inapouma, maana watu wakikosa magazini wanaenda kwa fundi wa kuchomea mageti. Anaikamata kwenye jiriwa anaibana midomo kwa plaisi, au anachukua magazini ya bunduki nyingine anaipiga tupa mpaka iingie. Jamani hii ni hatari na watu hawaambiwi kwa nini. Risasi ya .22 si kama zile kubwa zenye kidonge cha kuwasha katikati ya kitako, hii baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ule ukingo wa kitako kuzunguka duara lote, pini inagonga popote pale ukingoni inalipuka. Kwa hivyo ikiingia upande mtu akasukuma bolti kwa nguvu, ule ukingo ukabanwa, yaweza kulipuka bolti haijafunga, na vipande vya ganda na moshi vyarudi usoni kwa mwenye kushika. Na mtu asiidharau kwa udogo wake, risasi hii ikitoka yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Kama magazini imekufa ni bora ukae bila, utie moja moja kwa mkono kwenye chemba ufunge bolti pole pole, kwa kutishia nyani moja yatosha kabisa.

Kwa wenzangu wanaotafuta, kwanza someni mtutu wenu vizuri. Futeni kwa mafuta, muangalie kwa tochi maandishi yaliyogongwa pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki, muandike kila herufi. Msiende kwa jina la mazoea mnaloliita nyumbani. Kuna bunduki zenye jina la duka wala si la kiwanda, kwa mfano Sears ya Marekani iliuza bunduki kwa jina la J.C. Higgins na zilitengenezwa na viwanda vingine, ukitafuta magazini ya J.C. Higgins bila kujua ni kiwanda gani utazunguka mpaka uchoke. Kuna pia zisizo na kikasha kabisa, risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu. Mwenye BRNO ya Chekoslovakia ya zamani, Model 1 au Model 2, huyo ana bahati, muundo ule kiwanda cha CZ kiliuendeleza kwenye CZ 452 na magazini zake za risasi 5 na za 10 kwa kawaida zaingia bila kuguswa na tupa.

Lakini kujua magazini yako ni ipi ni nusu ya safari. Mimi nilipigia duka moja Nairobi, silitaji jina, jibu nililopata ni lete bunduki tuione. Hebu fikiria, kutoka Malindi mpaka Nairobi ni kama kilomita 600, nipande basi na bunduki, kila kizuizi cha polisi nianze kufungua mzigo na kueleza mbele ya abiria wote, kwa sababu ya kikasha cha bati kinachoenea kiganjani! Ndio watu wanaona njia rahisi ni kumuagiza mpwa aliye Dubai au Oman akitie kwenye begi la nguo. Tafadhali sana msifanye hivyo, yule kijana akishikwa uwanja wa ndege na kifaa cha silaha hakuna atakayesikiliza habari za nyani, umemharibia kazi na maisha yake.

Ninachoomba ni hiki. Wauzaji wenye leseni wakubali picha za maandishi ya mtutu na vipimo vya magazini ya zamani kwa simu, wakishajua ni ipi waagize, kisha mzigo uletwe kituo cha polisi cha Malindi, mwenyewe aende na cheti chake aandikishwe pale pale akabidhiwe. Na Bodi ya Leseni za Silaha ibandike kwenye kila kituo karatasi ya Kiswahili cha kueleweka, mtu anayetaka magazini au springi ajaze fomu gani, alipe nini, amuone nani. Leo ukiuliza ofisi hii watuma ofisi ile, na ile yakurudisha hapa.

Masika yakaribia na watu washaanza kusafisha mashamba, kwa hivyo kama kuna muuzaji au afisa anayesoma barua hii basi atujibu kwenye ukurasa huu huu, tusome wote.

Mkulima, Kakuyuni, Malindi