Msomee Ami barua hii, kwa sauti

Portsmouth, Novemba

Dada yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie mguu ukizidi kuuma asingoje Ijumaa. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote. Ya bati nitayajibu chini, kwanza niachie ya Ami.

Ati kanicheka barazani kuwa najitungia! Nilichosema ni kuwa manowari za Kiingereza zilitia nanga Unguja katika vita vyao na Wafaransa. Yeye kashikilia kuwa kabla balozi wao hajahamia 1841 hapakuwa na kitu.

Ami ajue mdogo wenu sasa anawatembeza wageni ndani ya manowari ya kale Victory, ile ile aliyoipanda Admirali Jervis 1797. Najitolea tu, Jumamosi, lakini Waingereza wananifuata nyuma niwaeleze meli yao wenyewe! Picha unayo, mwonyeshe. Dari ya sitaha za chini iko chini hata mimi nainama, na mabaharia walilala kwenye vitanda vya turubali vilivyoning'inia juu ya mizinga.

Vita vilipoanza 1793, Uingereza haikuwa na jeshi la nchi kavu la kumkabili Mfaransa. Ikashika bahari: kuzifungia manowari zake katika bandari za Brest na Toulon, kulinda meli za biashara, kunyakua makoloni, na faida ikawapa Waaustria na wenzao wapigane bara. Brest ilikuwa na kazi. Upepo wa magharibi ukivuma, Wafaransa hawatoki na Waingereza wanakimbilia Torbay, ghuba ya kwao. Ukigeuka mashariki, Mfaransa huyo, kateleza kabla mwenzake hajarudi. Lord Howe, admirali wa Kiingereza, alipenda kungojea mbali, meli zisichakae. Desemba 1796 Wafaransa wakachomoka na askari kama 15,000 kwenda Ireland, na kilichowazuia kushuka Bantry, ghuba ya huko, ni tufani, si manowari. Ubahili ule nusura uwaponze. Mpaka 1800 ndipo St Vincent, yaani Jervis yule yule, alipozisogeza meli hadi mlangoni mwa Brest na kuziweka pale kiangazi na baridi. Mabaharia wangekufa kwa kiseyeye, ila tangu 1795 iliamriwa wapewe maji ya malimau. Nikilitaja neno hilo kwa wageni naukumbuka mti wetu wa uani, mate yananijaa, nashindwa kuendelea.

Sasa Unguja. 1798 Bonaparte, jemadari wa Kifaransa, aliteleza Toulon akaenda Misri. Nelson, admirali wa Kiingereza, akazikuta meli zake Abukir, pwani ya Misri, tarehe 1 Agosti: kati ya manowari kubwa 13 zilinusurika 2. Lakini hata kabla ya habari hiyo, London ilishaingiwa na hofu kuwa Bonaparte atashuka Bahari ya Shamu aende India kwa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyekuwa adui wa Waingereza. Ikamtuma Blankett, mkuu wa manowari wa Kiingereza, na manowari Leopard, azunguke Rasi ya Tumaini Jema, ambayo Waingereza walishawapokonya Waholanzi 1795, akazibe Bab-el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Februari 1799, kaskazi likimvumia usoni, akatia nanga Unguja. Na Oktoba 1798 Seyyid Sultan wa Maskat, babake Seyyid Said, alishaafikiana na Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza kuwafungia Wafaransa milango. Ami atanijibu nini?

Halafu mwambie na hili. Mabaharia wa Spithead, hapa hapa mbele ya Portsmouth, waligoma 1797 kwa kuwa mshahara haukuongezwa zaidi ya miaka 100. Wakaongezwa. Nami nangoja hesabu ya kodi ya duka la marehemu Babu, na kila nikiuliza simu inakatika.

Kwa hiyo bati nitatuma nusu, mshahara ukiingia. Nusu ya pili atoe Ami katika kodi hiyo, na nikisikia umekwenda kukopa tutagombana. Fundi asianzie ukumbini kwa ajili ya kuonekana na wapita njia. Aanze na chumba cha Bi Mkubwa, misumari mnunue nyinyi wenyewe.

Mdogo wako