Mchoraji kaondolewa, ukuta ndio umepakwa rangi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipokosea matokeo ya darasa la saba ya wilaya yetu nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya Jumamosi, ya wasanii kuleta sura mpya mitaani, imenikosesha usingizi. Ukuta mliouweka pichani ni wa mtaa wetu, na mtu aliyestahili kuwa kwenye picha hiyo hayupo, wala hakuna aliyemuulizia.

Mwandishi wenu anasema sanaa inawaunganisha watu wa mtaa. Ni kweli kabisa, mimi ni shahidi. Kinachoniuma ni kudhani kwamba kazi hiyo ilianza siku ya hafla, vijana walipokuja na ngazi na ndoo za rangi na mgeni rasmi akakata utepe.

Kabla ya ukuta kulikuwa na mkungu. Chini ya mkungu ule, kwa miaka kumi na moja, alikaa mchoraji mmoja, kijana wa Kusini, na vibao vyake vya hadibodi na rangi za mafuta kwenye makopo ya maziwa. Kazi ikiwa mbichi aliiegemeza shinani ikauke. Inzi wakinasa kwenye rangi, watoto waliotoka shule waligombania kuwatoa kwa njiti ya chelewa, mmoja mmoja, bila kugusa mgongo wa twiga. Aliyetoa inzi watatu bila kuharibu alipewa brashi na kipande cha boksi achore chake. Wanafunzi wangu wawili nilioshindwa kuwatuliza darasani hata dakika tano niliwakuta pale wametulia saa nzima. Mama wa vitumbua akaona kuna watu, akahamishia jiko lake pale. Wazee wakafuata vitumbua na bao lao. Na kwa kuwa wazee wapo, mabinti zetu waliotoka tuisheni saa moja usiku wakaipita bila woga njia iliyokuwa ya vibaka. Hakuna aliyekaa kikao kuyapanga hayo. Ni mtu mmoja tu, kila siku mahali palepale, anafanya kazi nzuri mbele za watu.

Siku moja tukaamka kibanda chake kina X nyekundu. Barua ya kuomba aachwe niliiandika kwa mkono wangu, majirani arobaini na watatu wakatia saini. Nilikwenda ofisi inayohusika mara nne. Mara ya kwanza mkubwa yuko kikaoni. Mara ya pili faili halionekani. Mara ya tatu nikaambiwa, "Mama, yule ni machinga tu, ataenda kwa wenzake sokoni." Nilipokwenda mara ya nne mambo yalikuwa yamekwisha, tingatinga lilikuja alfajiri, likang'oa kibanda, na mkungu wenyewe wakaukata ili pawe maegesho ya magari. Vibao kumi na tisa vilikanyagwa kwenye tope, nilivihesabu. Sasa sikiliza, Mhariri. Miaka miwili baadaye ofisi ileile, ileile!, ikatangaza kampeni ya kupendezesha mtaa kwa sanaa, kwa maelezo kwamba njia imekuwa giza na vibaka wamerudi. Vijana wakachora siku tatu juani. Walilipwa fulana na soda, na fulana zenyewe zina nembo ya ofisi. Ndiyo hafla mliyoiandika nyie ukurasa mzima!

Dar es Salaam ingepaswa kuwa ya mwisho kulisahau jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora miaka minne tu, akafariki 1972. Lakini ndugu na wanafunzi wake hawakuhama. Waliendelea kukaa palepale, wakafundishana, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Kuna familia ngapi zimekula na kusomesha watoto kwa sababu watu wale waliachwa wakae? Na Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii hapa jijini, je? George Lilanga aliingia pale kama mlinzi, akatoka msanii anayejulikana duniani. Asingekuwa na lindo mahali ambapo wenzake wanachonga na kuchora, tungempata wapi? Jengo lile leo halipo.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na la matangazo. Ukuta huo mnaousifia umeshabandikwa karatasi za waganga, wa kurudisha mpenzi, wa kusafisha nyota, wa mali ya urithi, hadi uso wa mtoto aliyechorwa pale kati hauonekani tena. Karatasi hizo zina namba za simu. Inashindikana vipi kumpata mtu aliyeacha namba yake ukutani, wakati mama wa vitumbua anapatikana kila siku kudaiwa ushuru?

Ninachoomba ni hiki. Kila serikali ya mtaa itenge hatua kumi na mbili kwa nane, penye mti, au upandwe leo. Pawe na mabati ishirini, bomba moja, taa moja, na benchi la kukaa watu wanane. Mchoraji, mchongaji au mfinyanzi wa mtaa apewe pale bila ushuru kwa miaka mitatu, kwa sharti moja tu, afanyie kazi nje, watoto wamwone. Ufunguo asishike mtu wa ofisi, akae nao bibi mmoja wa jirani ambaye hasafiri. Fedha za fulana na mahema ya siku ile zingetosha na chenji ikabaki.

Mwandishi wenu akipenda kurudi, aje siku ya kazi, saa kumi na moja jioni. Nitamwonyesha kisiki. Kisha nitampeleka Chanika kwa yule kijana. Siku hizi anachorea chumbani, na mlango anaufunga kwa sababu ya vumbi.

Mwalimu mstaafu,
Kinondoni, Dar es Salaam