Mjomba, lile duka la vitabu la Jinja bado lipo, na linakuhitaji

Shikamoo mjomba. Natumai miguu imepata nafuu na kwamba mvua za Tororo zimewaacha mkapumua kidogo. Barua hii ningeweza kukutumia wewe peke yako, lakini nimeamua kuiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu ninachokuomba, methali za Kiswahili, wapo na wengine wanaoweza kuombwa. Wazee wa reli wa hapa Uganda kama wewe, wazee wa viwandani pale Walukuba, mama zetu wa Busia na Malaba, watu wa Bombo, watu wa Arua. Wote hao wana hazina ambayo hawajui kama kuna mtu anaitaka.

Nilikuwa Jinja kwa shughuli za kazi, nikazimaliza mapema, nikaenda kulitafuta lile duka. Unalikumbuka: unatoka barabara kuu, unapita yale majumba ya kale ya Wahindi yenye jina la familia na mwaka wa ujenzi juu ya baraza, unakata kushoto, na pale kwenye mlango mwembamba wa mbao ndipo ulipokuwa ukinishika mkono na kuniambia, "Humu hatupigi kelele." Nilikwenda na wasiwasi. Mtaa ule sasa kila mlango wa pili ni kibanda cha kutuma pesa kwa simu au duka la vifuniko vya simu, na maduka ya vitabu yaliyofungwa katika miji yetu hayatangazwi redioni. Siku moja unapita tu na kukuta kufuli, halafu siku nyingine unakuta saluni.

Duka lipo. Mlango ni ule ule, ila umepakwa rangi ya kijani.

Kilichonipeleka hasa ni vile vialamisho, vya kuonyesha umeishia ukurasa gani. Sijui kama unajua jinsi vilivyonishika. Kila kitabu kilichotoka dukani mle, hata kile cha mtumba chenye jalada lililochanika, mama mwenye duka alikitia kialamisho kabla hajakifunga kwenye gazeti. Hakukiuza. Alikata manila, akatoboa tundu juu, akapitisha uzi wa sufu. Wewe ulikuwa na zile tiketi zako za gari moshi, vile vikaratasi vigumu vidogo, na mara moja ulimwonyesha mama yule moja iliyokuwa kwenye kitabu chako naye akacheka akasema reli ilimtangulia. Mimi sikuwa na tiketi. Nilikuwa na kialamisho cha manila chenye uzi mwekundu, na kilikuwa kitu cha kwanza nyumbani kwetu ambacho hakikuwa cha kugawana na ndugu zangu. Kitabu tulisoma kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na kialamisho chake ndani ya kitabu kile kile, kwa hiyo niliweza kuona kaka yangu amefika wapi, nikakazana nimpite. Hivyo ndivyo nilivyosoma riwaya zangu za kwanza, mjomba. Nilikuwa nakimbizana na uzi wa bluu.

Na wewe ulikuwa mkali. Kukunja kona ya ukurasa kwako lilikuwa kosa sawa na kuacha geti la reli wazi. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kufanya kazi na vitabu nilielewa kwamba ulikuwa na sababu: karatasi ikishakunjwa, nyuzi zake zimevunjika, na kona ile ndiyo itakayokatika kwanza hata ukiinyoosha vipi. Kitabu kinachosomwa na watoto watano hakiwezi kustahimili hayo.

Basi. Mama mwenye duka amezeeka, anakaa nyumbani. Sasa anayeuza ni bintiye. Nilijitambulisha kama mpwa wa yule mzee wa reli wa tiketi, akanikumbuka kwa kupitia kwako. Nikamuuliza kuhusu vialamisho. Akavuta droo.

Nitakueleza kimoja, kwa sababu nimekishika hapa ninapoandika. Urefu wake ni kama kiganja na vidole, upana vidole viwili. Upande mmoja ni lubugo, kile kitambaa cha magome cha Baganda. Rangi yake ni ya udongo wa kichuguu baada ya mvua. Upande wa pili ni karatasi ngumu nyeupe, mabaki anayoyapata kwa wachapaji wa Nasser Road kule Kampala, wanaokata kadi za harusi na kalenda na kutupa vipande vya pembeni. Pande hizo mbili zimeunganishwa kwa cherehani, mshono wa kwenda na kurudi, kwa sababu lubugo ukiushona mstari mmoja tu unachanika kwenye matundu ya sindano. Juu kuna kamba ya ukili, na mwisho wa kamba kuna ushanga wa karatasi. Na katikati ya lubugo, mjomba, kuna kiraka. Hakukishona yeye. Mafundi wa lubugo wakati wa kuupiga hupata sehemu zenye tundu, mahali palipokuwa na fundo la mti, na hulishona kwa mkono kabla hawajauza. Wengine hukata sehemu hizo na kuzitupa. Binti huyu anazichagua makusudi. Aliniambia wanunuzi wa mabegi na kofia za watalii hawataki viraka, kwa hiyo yeye hupewa kwa bei ndogo, na mimi naona amepata kilicho bora kuliko walichokitaka wao.

Ulinifundisha kuuliza kitu kimetengenezwaje, basi nikauliza. Lubugo unatoka kwenye mti wa mutuba. Gome la ndani hubanduliwa wakati wa mvua, na shina hufungwa majani ya migomba lisikauke, likaota gome jipya. Mti mmoja unaweza kuvunwa miaka mingi hivyo. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, za mifereji mipana kwanza na za mifereji myembamba baadaye, ndani ya banda ili jua lisiliwahi, mpaka ukanda mwembamba unakuwa nguo pana. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ukaingia kwenye orodha rasmi mwaka 2008. Ushanga nao ni rahisi kueleza ila vidole vinauma: unakata karatasi ya kalenda pembetatu ndefu nyembamba, unaizungusha kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha unaitia gundi, kisha unapaka vanishi. Rangi unayoiona ni picha ya Januari au ya Agosti iliyokunjamana ndani yake.

Si kila mtu anavipenda. Wapo wazazi wanaokirudisha kialamisho kaunta, kwa kuwa lubugo ni sanda. Ni kweli, Baganda huwafungia wafu wao ndani yake, na vilevile umo kwenye maabadi ya jadi, kwa hiyo mlokole akikiona ndani ya kitabu cha mwanawe moyo unamwenda mbio. Binti hawabishii. Huwakumbusha kwamba wafalme nao waliuvaa, na akiona bado wanasita huwapa cha kitenge. Nilipenda alivyolisema hilo bila kumdharau mtu.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe.

Upande wa nyuma ya duka, pale palipokuwa na rafu ya dini, sasa pana rafu ya Kiswahili. Haikuwahi kuwapo. Wewe ulikuwa ukiagiza vitabu vya Kiswahili kwa madereva waliotoka Kisumu na Nairobi, na jirani wakikusikia unasoma kwa sauti wanauliza kama ulikuwa jeshini. Hiyo ndiyo sifa tuliyopewa hapa kwetu miaka mingi: lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa barabarani. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na kwa muda mrefu hilo likabaki kwenye karatasi. Lakini mwaka 2020 ulipoanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, Kiswahili kikawa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Watoto wakaanza kuja dukani wakiulizia vitabu. Binti akaanza kuagiza. Vingi ni vya kiada, na sina tatizo na hilo: duka kama lile linaishi kwa madaftari, kalamu na mitihani ya miaka iliyopita ya kumaliza shule ya msingi (PLE), na Februari shule zikifunguliwa ndipo linapopata pesa ya kupumua mwaka mzima. Ila kando ya vya kiada ameweka hadithi, na hadithi ndizo zinazopata kialamisho.

Na hapa amebuni kitu ambacho kimenifanya nishindwe kuondoka mapema. Lubugo haupokei wino vizuri, unanyonya na kutawanya, kwa hiyo maneno huandikwa upande wa karatasi. Yeye huandika methali, lakini huikata vipande viwili. Nusu ya kwanza huiandika juu kabisa, mahali panapochungulia nje ya kitabu kikiwa kimefungwa. Nusu ya pili huiandika chini, mahali panapozama ndani ya kurasa. Mtoto akikiona kitabu mezani anasoma "Bandu bandu". Akitaka kujua kinachofuata sharti afungue kitabu, na akifungua anakuta "huisha gogo" na papo hapo yuko kwenye ukurasa alioachia. Mjomba, nimekaa na walimu, nimehudhuria semina za kuhimiza watoto wasome, sijaona jambo dogo lenye akili kama hilo.

Lakini methali alizonazo ni zile zilizo nyuma ya kila basi. Haraka haraka. Haba na haba. Mtoto wa Jinja ameshaisikia nusu ya pili, hana haja ya kufungua. Binti mwenyewe alikua kwa Lusoga, lugha ya pale Jinja, na Kiswahili chake amekipata sokoni. Anaijua shida hiyo na akaniuliza kama namjua mtu. Alipouliza tu, nilikuwa nishakuona pale kwenye baraza ya nyumba za reli, redio magotini, unamjibu kila mpita njia kwa methali ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Ile ya kamba kukata jiwe. Ile ya chovya chovya na buyu la asali. Zile ulizozipata kwa fundi wa boila kutoka Mombasa, ambazo hata vitabuni sijazikuta.

Naziomba hizo. Ziwe zinazokatika katikati, nusu ya kwanza ikiwa na maneno mawili au matatu, kwa kuwa mahali penyewe ni padogo. Nusu ya kwanza isimalize maana. Mtoto abaki na swali. Zisiwe za kutisha watoto wala za kuwasema wanawake, na najua unazo nyingi za aina hiyo, hizo ziache. Ambazo maana yake imejificha usizikatae, bali andika pembeni ulimsikia nani akizisema na palikuwa na nini siku hiyo. Maelezo hayo hayataingia kwenye kialamisho, lakini binti amesema atayaweka kwenye daftari kaunta ili mtoto akimuuliza awe na jibu. Mimi nayataka kwa ajili yangu pia.

Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, wa Kasese mliokulia kwenye nyumba za migodi ya Kilembe, wa Bombo, wa Pakwach, mkiwa na wazee, waulizeni. Niandikieni methali na mahali mlipoisikia. Nitampelekea kila moja bila kuchuja, achague mwenyewe.

Mjomba, nimekuwekea vialamisho vitatu kwenye bahasha ya kaki pamoja na hadithi mbili za Kiswahili kutoka kwenye ile rafu. Kimoja ni kile cha kiraka nilichokueleza. Nitampa dereva wa taksi ya Tororo yule aliyekuletea dawa mara ya mwisho, atakupigia akifika stendi. Akirudi mpe majibu yako, na ikiwezekana yawe yamefika kabla ya Krismasi, ili binti apate Januari nzima ya kushona kabla ya watoto kurudi shuleni. Kama mkono bado unatetemeka, mwite mjukuu aandike wewe ukisema. Ila mwambie asisahihishe Kiswahili chako, hata kama mwalimu wake amemfundisha vingine.